Mkono wa Mwende

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya moyo na jina lako bado halijaitwa, sogea kidogo nikae. Nimekaa kwenye mabenchi hayo hadi najua yapi yana misumari. Sitakufundisha udaktari maana siujui, na waliousomea watakueleza wakipata nafasi. Nitakueleza yaliyonipata mimi, Nyambura, muuza nguo za watoto katika soko la Muthurwa, tangu mvua za Aprili mwaka juzi. Kuna jambo moja ndani yake ambalo hadi leo nikilikumbuka mwili hunisisimka.

Tulikuwa timu ya wanawake ya soka ya ukumbini. Watano kwa watano, sakafu ngumu, mpira mdogo mzito usiodunda sana. Tulicheza katika ukumbi wa mtaa, Kaloleni, jioni mbili kwa wiki na Jumamosi mchana. Usidhani ni mchezo wa wavivu kwa sababu uwanja ni mdogo. Hakuna pembe ya kujificha. Unakimbia dakika nne mfululizo, kifua kinawaka, unakaa, unarudi tena, zamu sita au saba, na ukifika nyumbani ngazi unazipanda kwa kushika ukuta.

Kocha wetu alikuwa Mzee Kioko, dereva wa malori aliyestaafu, mtu mpole ambaye sikuwa nimewahi kumwona bila kofia. Saa za kisasa za kupima wachezaji hakuwa nazo. Alikuwa na kipenga, chaki, ubao mweusi uliotupwa na shule ya chekechea, na imani moja: ukitaka kumjua mchezaji, hesabu jinsi moyo wake unavyorudi chini akishakaa.

Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kuhesabiana. Siku za mazoezi, zamu ikiisha, sote kumi tulikaa chini ukutani, wawili wawili, tukatazamana. Mkono wangu wa kulia unashika kifundo cha mkono wako wa kushoto, na wako unanishika mimi vivyo hivyo. Kocha anatuacha tupumue kidogo, kisha anapuliza kipenga. Tunahesabu dakika nzima. Anapuliza tena, na kila mtu anataja nambari ya mwenzake, naye anaiandika ubaoni mbele ya jina.

"Jasho linateleza," alitufundisha siku ya kwanza. "Vidole vingine vitakudanganya. Shika na gumba, kandamiza, utausikia."

Dakika ile ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Wanawake kumi wamefumba macho, wameshikana mikono, midomo inachezacheza kwa kuhesabu. Mlinzi wa ukumbi aliwahi kuniuliza tunasali kanisa gani. Nilicheka sana siku hiyo.

Mwenzangu alikuwa Mwende, fundi wa kushona sare za shule, msichana wa nyumba ya tatu kutoka ukumbini. Alikuwa na mbio ambazo hazifundishwi. Miaka miwili tulikaa tumeshikana mikono hivyo. Kuna watu wameoana ambao hawajashikana mikono kiasi hicho.

Mvua za Aprili zilipoanza, niliona nambari ya Mwende imepanda. Nambari ambayo kwa kawaida ilikuwa mia na kumi hivi, ikawa mia na thelathini. Wiki mbili baadaye, mia na hamsini. Halafu kikaja kitu kibaya kuliko wingi. Mapigo yalianza kujikwaa. Yanakwenda mawili haraka, yanasimama, hadi nafikiri yamekwisha, kisha yanakuja matatu yamebanana kama watu wanaosukumana mlangoni.

"Wee Mwende," nilimwambia, "hii roho yako iko sawa kweli?"

"Manze, niko fiti. Sisikii kitu. Yako nayo?"

"We ndio umeishika."

"Mia na nane. Uko juu ya wote, Nyambu."

Hapo ndipo ilipo ajabu. Mimi ndiye niliyekuwa nachoka. Daraja la miguu la karibu na soko, ambalo nilikuwa nalivuka na robota la nguo mgongoni, sasa nilisimama katikati nikijifanya natazama magari. Viatu vilinibana jioni. Nililala na mito mitatu kwa sababu nikilala chali nilikuwa kama mtu aliyezamishwa. Mama akasema ni vumbi la mitumba. Nami nilikuwa na ushahidi ubaoni, kwa chaki nyeupe: Nyambura, mia na nane. Nani atajiita mgonjwa mbele ya nambari kama hiyo? Nikanywa tangawizi nikaendelea.

Wakati huo huo kulikuwa na habari iliyotuamsha sote. Kampuni moja ya usafirishaji ilikuwa inaunda timu ya wanawake, na atakayechaguliwa angepewa kazi ya ofisini pamoja na jezi. Walimwambia Mzee Kioko awapelekee jina moja. Hakuna aliyeuliza ni la nani. Mwende alishaanza kushona sketi ya kwenda nayo kazini.

Lakini ubao ulikuwa pale, kila mtu akiusoma. Kocha akamtuma hospitali. Alipimwa kwa mashine yenye waya nyingi, akaambiwa moyo wake ni mzima, arudi nyumbani ale vizuri. Alirudi mazoezini akicheka, akakimbia zamu moja, akakaa, akanipa mkono. Kikawa kile kile. Mia na sitini, na kujikwaa juu yake.

Ilikuwa baridi ya Julai, na nakumbuka pumzi zetu zilionekana. Kocha alikuja, akachuchumaa, akamshika Mwende mwenyewe kwa gumba lake nene la udereva. Alihesabu kwa muda mrefu.

"Themanini," alisema polepole. "Umetulia kabisa. Kama mtu aliyekaa kwake anakunywa chai."

"Haiwezekani," nikasema.

"Mshike tena."

Nikamshika. Ulikuwa unakimbia na kuanguka, unakimbia na kuanguka. Kocha akamshika, ukatulia. Nikamshika mimi, ukaanza. Ukumbi mzima ulikuwa unatutazama, na mpira umesimama pale katikati peke yake.

"Nyambu," akasema Akoth, kipa wetu, kwa sauti ya utani ambayo haikuwa na utani, "roho ya huyu dem inakuogopa."

Mwende aliuvuta mkono wake, akauficha ndani ya sweta.

Maneno ya ukumbini hayakai ukumbini. Jumapili hiyo mama yake Mwende alinisimamisha njiani, Biblia kwapani. Ni mwanamke ambaye nimekula kwake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

"Nyambura mwanangu," alisema, "sina ubaya na wewe. Mimi ni mtu wa maombi, sitaki kufikiria vitu vya giza. Lakini tafadhali, usimshike tena mkono msichana wangu."

Nilisema, "Sawa, mama." Nilikwenda zangu nikakaa kwenye kibanda changu nikalia ndani ya gauni la mtoto la kubatizwa, nikalifuta, nikalikunja, nikalirudisha kwenye rundo.

Kocha alimpumzisha Mwende na kunipa Akoth. Zamu ya kwanza na Akoth nilimshika mkono, na nikasikia kitu kile kile chini ya gumba langu. Mawili haraka. Kimya. Matatu yamebanana. Akoth alikuwa ananitazama usoni, na ndiyo maana najua uso wangu ulibadilika.

"Ngapi?" Kocha akauliza.

"Mia na ishirini," nikadanganya.

Kuanzia siku hiyo nilidanganya kila mara. Niliamini kabisa kwamba mkono wangu una kitu, kwamba nikimgusa mtu moyo wake unaharibika, na kwamba nikisema nitamharibia mwingine kama nilivyomharibia Mwende. Niliosha mikono kwa maji ya chumvi. Nilivaa glavu kibandani nikisema ni baridi. Mteja akinipa mtoto nimjaribishie sweta, nilimrudisha kwa mama yake haraka. Ukisoma haya unaweza kucheka, na mimi nakuruhusu. Lakini wewe hukuwa umeshika kitu kile kwenye mikono ya watu wawili.

Jina lililopelekwa kwa kampuni lilikuwa langu. Ubao ulisema hivyo.

Walikuja Jumamosi moja ya Oktoba kuniona nikicheza, wanaume wawili na mwanamke mmoja mwenye daftari. Mwende alikuwa amekuja pia. Alisimama mlangoni amevaa ile sketi ya kazini, na hakuingia. Zamu ya kwanza niliimaliza. Katika ya pili niliukimbilia mpira wa pembeni, na sauti zikaondoka. Niliona midomo ya watu ikipiga kelele na sikusikia kitu. Nilisikia tu kile kitu, mawili haraka, kimya, matatu, lakini safari hii sikuwa nimemshika mtu. Nilitazama mikono yangu nikaona iko mitupu. Kisha sakafu ikaja.

Nilipozinduka nilikuwa kwenye teksi, kichwa kwenye mapaja ya Mwende. Tulikaa kwenye benchi la hospitali kuanzia saa nane hadi jua likaanza kushuka. Alininunulia maji. Watu waliitwa, wakasimama, sisi tukasogea makalio kuelekea mlangoni, na kila tuliposogea alinishika kiwiko nisianguke. Najua alikuwa na kila sababu ya kwenda nyumbani.

Hatimaye muuguzi mmoja mnene mwenye miwani ya kamba alinishika mkono. Aliweka vidole vitatu kando ya kifundo, akatazama saa. Uso wake ukajikunja. Akaanza upya, akahesabu dakika nzima.

Mwende hakuweza kunyamaza. Ni desturi, inatoka yenyewe. "Sista, si ushike na gumba? Hivyo vingine vinateleza."

"Gumba?" Muuguzi hakuinua macho. "Gumba lina mshipa wake. Ukimkandamiza mtu na gumba, unaweza kujihesabu mwenyewe ukidhani unamhesabu yeye." Akaachia mkono wangu. "Mama, moyo wako umekuwa ukijikwaa hivi tangu lini?"

Nilikuwa namtazama Mwende, naye alikuwa ameliinua gumba lake mbele ya uso, analitazama kama kitu alichookota.

"Kwa hivyo ile namba," alisema.

"Mwende."

"Ile namba yote ilikuwa yako. Na hiyo mia na nane ilikuwa yangu."

Akatoka nje. Nilisikia sketi yake ikisugua mlango. Ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa na mkono mbaya na sikuwa nimemroga mtu. Kwa miezi sita nilikuwa nimeketi katika ukumbi wenye kimya, macho nimefumba, nikisikiliza ugonjwa wangu mwenyewe na kuutaja kwa jina la rafiki yangu. Mara ya pili nilipousikia, nikauficha. Nilipata baridi ambayo blanketi la hospitali halikuiweza.

Mwende alirudi baada ya kama saa moja na chupa ya uji.

"Nimekasirika," alisema. "Usifikirie sijakasirika. Ile kazi ilikuwa yangu. Kunywa uji."

Nikanywa.

Kuanzia hapo miezi yangu haina majina, ina sindano, moja kila mwezi. Picha ya moyo ilionyesha kwamba mlango mmoja ndani yake ulikuwa umeshikana, kazi ya homa za koo za utotoni. Nilipoambiwa hivyo, Mama alikaa chini kwenye korido, mtu mzima, sakafuni. "Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nakupa maji ya chumvi usukutue, urudi shule." Nilimwambia kila mama wa mtaani alifanya hivyo. Hakusikia. Alikuwa mkali kwangu wiki nzima baadaye, akinigombeza kwa sababu ya vikombe, sabuni, mlango kufungwa kwa nguvu. Ikiwa mama yako atakugombeza hivyo, mwache. Anajigombeza mwenyewe.

Sindano ya kwanza, ya kuzuia homa ile isirudi, nilidungwa kwenye tako Novemba, mvua ikinyesha, na nilitembea siku mbili kama bata. Sindano ya pili ilikuja pamoja na vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, na amri ya kula mboga za majani kwa kipimo kile kile kila siku. Jaribu kumweleza mama wa Kikuyu kwamba sukuma wiki ina kipimo. Nilijifunza kulala na mito miwili badala ya mitatu, kisha mmoja na nusu, yaani mmoja na sweta. Miguu ilipungua, nikaona tena mifupa ya vifundo, nikaifurahia kama wageni.

Mabaya yalikuwepo. Niliogopa vitu vyangu mwenyewe. Nikishika ukingo wa kitanda cha wodi kwa gumba, chuma kilikuwa kinapiga. Nikishika kikombe, kikombe kilikuwa kinajikwaa. Nilijua sasa ni nini, na kujua hakukusaidia. Niliwaambia wauguzi, na mmoja akaniambia, "Basi shika kwa vidole vingine." Ni ushauri mzuri kuliko mwingi niliopewa.

Mzee Kioko alikuja wakati wa sindano ya tatu. Alivua kofia. Ndipo nikaona ana upara, na sijui kwa nini nilitaka kulia.

"Nilimwona daktari mmoja wa zahanati akishika na gumba, zamani, nikiwa utingo," alisema. "Ama niliona vibaya. Nimewafundisha wasichana miaka sita."

"Wengine wamesemaje?"

"Nimefuta ubao."

Lakini Mwende alinieleza baadaye kwamba hakufuta nambari hata moja. Alifuta majina tu, akayaandika upya, kila jina mahali pa mwenzake. Halafu akawaita wote waje waone. Wanawake tisa walisimama mbele ya ubao huo, kila mmoja akitafuta moyo wake mahali ambapo hakuwahi kuutafuta. Wawili walikwenda hospitali kesho yake kujihakikishia. Walikuwa wazima.

Mama Mwende alikuja pia. Alileta bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, limefunikwa kwa leso. Alikaa, akaniangalia nikila, akazungumza kuhusu bei ya vitambaa na mchungaji mpya. Alipoinuka kuondoka, alinishika mikono yote miwili akaikumbatia kifuani pake kwa muda. Hakuomba msamaha kwa maneno, na sikuuhitaji kwa maneno.

Kabla ya sindano ya saba walinipitishia waya kwenye nyonga hadi moyoni wakaufungua ule mlango. Nilikuwa macho. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nikamwambia daktari hivyo, naye akasema hata yeye anapenda mgonjwa anayesema. Baada ya hapo nilivuta pumzi moja ndefu, na ilifika hadi chini. Ukipata pumzi hiyo utaijua.

Sitacheza tena. Nimeambiwa hivyo wazi. Naweza kutembea, kuvuka daraja, kubeba robota dogo, kucheza harusini wimbo mmoja polepole. Watu wa kampuni hawakurudi Kaloleni. Mzee Kioko aliwapigia simu mara tatu. Mwende bado anashona sare, na siwezi kukuambia kwamba jambo hilo limekwisha kati yetu. Siku nyingine ananijibu kwa mkato, na ninajua ni kwa nini. Kuna nusu mwaka wake ambao niliuvaa mimi.

Sindano ya kumi ilipopita nilikwenda ukumbini mara ya kwanza. Nilikaa ukutani mahali petu pa zamani. Sauti ya mpira ilikuwa ile ile, viatu vikilia sakafuni, harufu ya jasho na vumbi la chaki. Kocha alipuliza, zamu ikaisha, wasichana wakaanza kukaa wawili wawili. Mwende alitoka akihema, akajibwaga kando yangu, na bila hata kunitazama akautupa mkono wake wa kushoto mapajani mwangu. Nafikiri alisahau. Kisha nikaona hakusahau, kwa sababu hakuuondoa.

Nililikunja gumba ndani ya kiganja. Niliweka vidole viwili kando ya kifundo chake, pale muuguzi alipoweka vyake. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Ngozi yenye moto, jasho, basi. Nilihofu. Nikasogeza vidole kidogo, nikalegeza, na kwa chini sana kitu kikanigonga. Kikanigonga tena. Kilikuwa na haraka lakini hakikujikwaa, kilikwenda kwa mpangilio wake, na polepole kilikuwa kinashuka.

"Ngapi?" akauliza.

Miaka miwili nilikuwa nimeushika mkono huu, na sikuwa nimewahi kumsikia mwenyewe.

"Nyamaza kidogo," nikamwambia. "Ndiyo naanza kukusikia."